Keja ya Udongo Kapsoit: Picha Ni Fiti, Lakini Mvua Je?

Umeziona. Nje ni nyumba ya udongo kama ya kogo. Mlango ukifunguliwa, wah! Sofa, zulia nyeupe, taa zimefichwa kwa silingi, tivi imebandikwa ukutani. Wasee wanajaa kwa komenti, na wewe uko kwa bedsitter ya Nairobi unapiga hesabu: kama huyo ameweza, hata mimi naweza kujenga kwa shamba la mzae.

Unaweza kabisa. Lakini kumbuka, hizo picha hupigwa siku ya jua, na Kapsoit iko Kericho. Huku mvua inaweza kufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Na si maji tu. Kericho na Nandi Hills ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. So kabla uulize rangi ya ukuta, uliza maji yataenda wapi.

Wazee walikuwa wameshajua

Nyumba ya Kipsigis ya kitambo ilikuwa ya mviringo: fito, udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe, nyasi juu. Vijana walikuwa na keja yao, sigiroinet, kwa hivyo hii maneno ya kutaka privacy haikuanza na wewe. Sasa cheki lile paa. Linashuka chini na kutoka nje ya ukuta. Hiyo haikuwa swag. Maji yalikuwa yanadondokea mbali na udongo.

Usikopi kila kitu

Pale kando ya Nairobi National Park kuna African Heritage House, iliyokuwa nyumba ya Alan Donovan, yule Mmarekani aliyeanzisha African Heritage pamoja na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Muonekano wake umetoka kwa majengo ya udongo ya Afrika Magharibi, kama msikiti mkubwa wa Djenné kule Mali, uliojengwa 1907. Ni noma kwa macho. Lakini Djenné hainyeshewi hata nusu ya mvua ya Kericho, na bado watu wa huko hutoka kila mwaka kuupaka msikiti udongo mpya. Ukileta paa bapa la Djenné hapa Kapsoit, umejenga sufuria.

Udongo hukufa wapi?

Chini, juu, na kwa ngozi yake.

Chini: usianzishe ukuta wa udongo moja kwa moja kwa ardhi. Inua msingi wa mawe angalau hadi magoti. Matone yakigonga chini hurukia ukuta, na hapo ndipo ukuta huanza kulika. Nguzo za mti zikigusa ardhi nazo, mchwa watakushukuru.

Juu: toa mabati nje ya ukuta, hatua moja ya mtu mzima hivi, kisha uweke gata. Maji ya gata yaende kwa tangi, yasimwagike kando ya nyumba. Na hiyo jipsamu ya silingi ingoje kwanza mvua kubwa ipite ndio ujue kama paa linavuja. Jipsamu ikilowa, imeenda.

Ngozi: hapa ndipo wengi huanguka. Udongo mwekundu wa kwetu una mfinyanzi mwingi. Ukilowa unafura, ukikauka unanywea. Simiti nayo haicheki na mtu, ni ngumu. Ukiipaka juu ya udongo, inapasuka. Maji yanaingia kwa huo ufa na hayana njia ya kutoka. Nje unaona ukuta safi, ndani umekuwa uji.

Binamu yangu alipitia hiyo. Alichukua bonasi ya chai ya mathe akamjengea, akapiga plasta ya simiti ndio ikae ya mawe. Picha zilikuwa moto. Msimu wa pili wa mvua, ukuta wa jikoni ulilala chini usiku. Hakuna aliyeumia, lakini pesa ya mwaka mzima wa kuchuma chai haikurudi. Mathe hajawahi kumlaumu, na hiyo ndiyo humuuma zaidi.

Tumia udongo uliochanganywa na mchanga na mavi ya ng'ombe. Zile nyuzi za nyasi ndani yake hupunguza nyufa. Ama paka chokaa, inaruhusu ukuta kupumua. Na ujue kila mwaka utapaka tena.

Na kama hutaki kazi ya kila mwaka?

Kuna matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine pamoja na simiti kidogo, yale ya kufungana yenyewe. Hayachomwi, kwa hivyo hukati miti. Hata hayo yanataka msingi mzuri na paa pana.

Test ya mwisho

Kabla ulipe fundi, mwambie akupeleke kwa nyumba aliyojenga miaka mitatu iliyopita. Usiende asubuhi kukiwa na jua. Nenda saa tisa, mawingu yakianza kukusanyika upande wa Kericho. Simama ndani mvua ikinyesha, uangalie kona, uguse ukuta wa chini. Kama ni kavu, huyo ni fundi. Hapo sasa ndio uanze maneno ya rangi na zulia nyeupe.