Akiba Huoza: Urejeshaji wa Hifadhidata ya Kimahusiano

Wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Katika taaluma ya tarakilishi usemi huu una mpaka wake, kwani nakala rudufu isiyojaribiwa huweza kuoza bila ya mwenyewe kutambua.

Hifadhidata ya kimahusiano, ambayo Edgar F. Codd aliiwekea msingi wa kinadharia mwaka 1970, hupanga taarifa katika majedwali yanayofungamana kwa funguo. Chukulia, kwa mfano wa kukisia, kituo cha mizani cha Gilgil katika barabara kuu ya Nairobi na Nakuru. Jedwali moja lingeorodhesha malori, jingine wamiliki, na la tatu kila upimaji. Upimaji haurudii jina la mmiliki. Hubeba ufunguo unaorejelea lori. Kwa hiyo, jedwali la malori likirejeshwa kutoka nakala ya jana huku la upimaji likibaki la leo, baadhi ya vipimo vitakosa lori, na dereva anayeshtakiwa kuzidisha uzani atakosa ushahidi wa kumtetea.

Tuseme nakala kamili ilichukuliwa saa sita usiku, kisha saa nne asubuhi jedwali la upimaji likafutwa kwa makosa. Kwanza, uandikaji husimamishwa, na yaliyosalia hunakiliwa kando. Pili, nakala kamili hurejeshwa, ikiwezekana katika mashine nyingine. Tatu, daftari la miamala, lililosajili kila badiliko tangu usiku, husomwa upya kwa mfuatano hadi nukta inayotangulia kosa. Likipitishwa hapo, jedwali hufutwa tena. Nne, funguo na idadi ya safu hukaguliwa kabla ya kazi kuendelea. Bila ya daftari hilo, taarifa za muda wa saa kumi zingepotea. Ndiyo sababu huhifadhiwa mbali na diski ya hifadhidata yenyewe.

Tarehe 31 Januari 2017, data za seva kuu ya kampuni ya GitLab zilifutwa kwa makosa. Njia kadhaa za kuweka nakala zilipotafutwa, zilikutwa hazifanyi kazi. Kilichoiokoa kampuni ni nakala iliyokuwa imechukuliwa muda wa takriban saa sita kabla. Yaliyoandikwa baada yake katika hifadhidata hiyo hayakurudi.

Hivyo basi, ubora wa nakala haupimwi kwa wingi wake bali kwa urejeshaji uliofanikiwa. Akiba haiozi kwa yule anayefungua ghala mara kwa mara na kuikagua.