Je, Wajua? Treni ya Masasi

Je, wajua kwamba Masasi iliwahi kuwa na stesheni ya treni? Reli ya Jimbo la Kusini ilifika hapo mwaka 1958 na kufungwa mwaka 1962. Mtoto aliyezaliwa mwaka treni ilipoingia alikuwa hajafikia umri wa kuanza shule ilipoondoka.

Je, wajua ni nini kilichoileta? Karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Ikaamua kufyeka mapori ya Tanganyika na kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mapema mwaka 1951 mpango ulivunjwa, hasara ikiwa pauni zipatazo milioni 36. Baadhi ya matrekta ya kufyekea yalitengenezwa kutokana na vifaru vya kivita aina ya Sherman!

Karanga zikafa, reli ikaendelea. Mwanzo ilitoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, kwenda Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilipokamilika mwaka 1954, ikaunganishwa nayo, na miaka minne baadaye tawi likafika Masasi.

Je, wajua kwamba treni hiyo haikuweza kwenda Dar es Salaam? Ilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lakini haikuungana na Reli ya Kati wala ya Tanga. Mizigo yake ilitazama bahari tu.

Na Newala? Haijawahi kuwa na reli. Mji umekaa juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, na pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Treni ilikuwa chini huko, upande wa bonde la Lukuledi.

Je, wajua kwamba uwanda huohuo nusura upokee meli ya angani? Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walirusha chombo kiitwacho L59 kutoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na tani kama 15 za shehena kwa ajili ya jeshi la kamanda wao wa Afrika Mashariki, Lettow-Vorbeck. Kilifika anga ya Sudan, kikaitwa kirudi. Kilikaa hewani saa 95. Siku hizohizo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Waliobeba mizigo ya vita hivyo, pande zote mbili, walikuwa wapagazi Waafrika, na makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao.

Tukirudi kwenye treni yetu: Trevor Huddleston, mpinzani mashuhuri wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alikuja kuwa Askofu wa Masasi mwaka 1960. Treni bado ilikuwa ikitembea.

Sasa sikia lililo kubwa zaidi. Reli ilifungwa kwa kukosa mzigo. Lakini mikorosho ilikuwa tayari ardhini, na msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka Mtwara na Lindi. Ilikuwa miaka kumi na ushee tu tangu treni iondoke. Waliojenga reli ile walikosea zao, hawakukosea njia. Walioifunga, kwa maoni yangu, walikosa subira.

Neema yenyewe haikudumu. Wakulima walihamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei haikuwavutia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Ikaja salfa, mikorosho ikapuliziwa, na msimu wa 2017/18 zikavunwa zaidi ya tani 300,000.

Je, wajua mzigo huo unasafirije leo? Mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa kwenye mizani, anapewa stakabadhi, na gunia linakwenda ghalani kusubiri mnada wa chama kikuu cha ushirika: TANECU kwa upande wa Newala, au MAMCU kwa Masasi. Wakulima wakiikataa bei, korosho hazitoki. Wakiikubali, wapakizi wanajaza lori gunia kwa gunia mgongoni, na lori linashika njia ya bandarini Mtwara. Msimu ukichanganya, malori yanapanga foleni, na mkulima anasubiri malipo yake huku ada za shule zikimkodolea macho.

Upo mpango wa reli mpya, takriban kilomita 1,000, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Wana Masasi na Newala, dai letu liwe moja na tulitoe mapema: mabehewa ya korosho, na stesheni ambayo lori la kutoka Newala linaweza kuifikia bila kwenda hadi Mtwara.