Rezo ya Intaneti: Wamama, Tuombe Kwa Pamoja



Hapa Swima, mama anayeuza ndagala anataka kujua bei ya Baraka na Uvira kabla ya kulipa usafiri. Mwenye mtoto anayesoma mbali anangojea ujumbe wake. Kwa wote wawili, rezo si mchezo wa vijana. Ni chakula na masomo.

Je, serikali inafanya nini? Tarehe 25 Novemba 2020 nchi yetu ilipata sheria namba 20/017 ya mawasiliano. Sheria hiyo iliweka mfuko unaoitwa FDSU. Makampuni ya simu yanapaswa kuuchangia, ili rezo ifike hata vijijini, mahali ambapo kampuni peke yake haioni faida. Basi, tukiomba rezo, hatuombi zawadi.

Lakini mnara peke yake hautoshi, kama bei inatushinda. Tunakumbuka kodi ya RAM iliyoanza mwaka huohuo wa 2020: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya intaneti, ikikatwa kwenye yuniti zetu. Raia walilalamika kila pembe ya nchi, wabunge wakaisema bungeni, na mwaka 2022 ikafutwa. Sauti ya wengi ilisikika.

Mwaka 2025 serikali iliruhusu pia Starlink, intaneti ya satelaiti. Haingojei mnara karibu, ila inataka chombo chake, umeme na malipo ya kila mwezi. Kwa nyumba moja ni mzigo. Vikundi vikichanga, shule au kituo cha afya kinaweza kufaidika.

Wiki hii tufanye mambo matatu. Kila kikundi kiandike mahali rezo isiposhika na kazi gani inakwama, tupeleke barua moja kwa viongozi wetu na kwa wabunge wa Fizi. Mama anayejua kutumia WhatsApp amfundishe mwenzake mmoja. Na namba ya siri ya pesa za simu tusimpe mtu, hata akisema anatoka kwenye kampuni.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Barua ya mama mmoja inaweza kupotea mezani. Ya vikundi vyote itasomwa.