Kifaransa Juu ya Lugha Tatu

Anayetangaza kozi ya Kifaransa siku hizi hutangaza na afya ya ubongo humohumo. Jifunze lugha ya pili, anasema, na akili yako itachelewa kuzeeka. Dai hilo lilikusudiwa mtu wa Liverpool au Ohio aliyezaliwa na lugha moja na ambaye pengine angezikwa nayo. Mtu wa Moshi, Kisumu au Kilifi huwa na lugha mbili kabla hajakanyaga darasa la kwanza, na ya tatu huipata shuleni, kwa kupenda au kwa fimbo. Kwake swali ni jingine kabisa: Kifaransa kikija juu ya hizo tatu, kinaongeza nini?

Dai la afya lilivuma kutoka Toronto, Kanada. Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake walipitia majalada ya wagonjwa 184 wa dimensia, maradhi ya uzeeni yanayokula kumbukumbu. Waliokuwa wametumia lugha mbili maishani walianza kuonyesha dalili miaka 4 hivi baada ya wenzao wa lugha moja. Wakosoaji wakauliza swali la haki: je, wengi wa hao wenye lugha mbili si wahamiaji? Mhamiaji hutofautiana na mwenyeji kwa mengi, kuanzia chakula hadi ujasiri wa kufunga safari.

Jibu lilikuja mwaka 2013 kutoka Hyderabad, India, jiji ambamo Kitelugu, Kiurdu na Kihindi hupishana barabarani, na mtu hahitaji kuhama ili awe na lugha mbili. Suvarna Alladi na wenzake walichunguza wagonjwa 648, wakakuta pengo la miaka 4 na nusu, hata kwa wale wasiojua kusoma. Ila katika utafiti huohuo kuna tokeo ambalo wauza kozi hawalitaji: lugha ya tatu au ya nne haikuongeza nafuu yoyote juu ya ile ya pili. Montreal, jiji la Kifaransa hasa, watafiti walikuwa wameona picha nyingine mwaka 2010: huko, kwa jumla, nafuu ilijitokeza kwa wenye lugha zaidi ya mbili. Mambo hayajatulia, basi. Na lile dai jirani, kwamba mwenye lugha mbili ana umakini kuliko wengine, limepigwa vibaya zaidi. Mwaka 2020 watu zaidi ya 11,000 walipimwa kwa majaribio ya intaneti, na faida yenyewe haikuonekana.

Kwa hiyo atakayesoma Kifaransa kama dawa ya uzee anaweza kuwa ananunua alichokwisha kurithi kwa bibi yake.

Ushahidi unaonivutia zaidi hauhusu kuwa na lugha. Unahusu kuisotea. Jeshi la Uswidi lina chuo cha wakalimani ambako vijana hupikwa kwa Kiarabu, Kirusi au Kidari, wakimeza maneno mapya kwa mamia kila wiki. Watafiti walipiga picha za bongo zao kabla ya mafunzo na tena miezi 3 baadaye, wakazilinganisha na za wanafunzi wa chuo kikuu ambao nao walikuwa wakisoma kwa bidii, lakini si lugha. Kwa wakalimani, hipokampasi, sehemu ya ndani inayosaidia kutunza kumbukumbu mpya, ilikuwa imeongezeka ukubwa, na gamba la ubongo lilikuwa limenenepa katika maeneo kadhaa ya lugha. Kwa wale wanafunzi wengine, hapakuwa na badiliko kama hilo. La kushangaza ni kwamba eneo moja la upande wa mbele lilinenepa zaidi kwa waliohangaika zaidi na masomo. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuwa mdogo, lakini ni faraja kwa kila aliyewahi kutokwa jasho mbele ya vitenzi vya Kifaransa.

Jasho lenyewe huanzia sikioni. Mtoto mchanga husikia tofauti za sauti za lugha karibu zote. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa Kiingereza hutofautisha sauti za Kihindi wakiwa na miezi 6 hadi 8, na kufikia mwaka mmoja uwezo huo umefifia. Sikio la Mswahili hupangwa kwa irabu 5. Kifaransa kina zaidi ya mara mbili ya hizo, nyingine zikipitia puani, na ile *u* ya *rue*, yaani barabara, kwetu huangukia kwenye *i* au ikachanganyika na *roue*, gurudumu. Mtu mzima hana budi kuifungua upya milango ambayo ubongo wake uliifunga utotoni.

Kwenye sarufi, hata hivyo, Mswahili anaanzia mbele. Mwingereza hulalamika kwamba kila nomino ya Kifaransa ina jinsia yake. Aliyekua na ngeli, ambaye kila siku husema kiti kimevunjika na mti umevunjika bila kufikiri, atashangaa kwamba jinsia ni mbili tu. Kivumishi cha Kifaransa kwa kawaida hufuata nomino, kama chetu. Mtendwa anapokuwa kiwakilishi hukaa kabla ya kitenzi: *je le vois*, ninamwona. Wanafunzi wetu wengi hukipitisha Kifaransa kwenye Kiingereza kwanza, wakapoteza njia ya mkato waliyozaliwa nayo.

Kuna faida nyingine, isiyotarajiwa. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman walibuni kisa cha ugonjwa unaotishia watu 600. Watu wakiambiwa kwamba tiba fulani itaokoa 200 kwa hakika, huichagua. Wakiambiwa 400 watakufa, huikimbia na kucheza bahati nasibu, ingawa hesabu ni ileile. Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake walikiuliza kisa hicho kwa lugha ya kigeni, wakiwemo wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kifaransa jijini Paris. Mtego ukapungua nguvu: namna ya kuuliza haikuwayumbisha tena. Huenda lugha ya kujifunza ukubwani haina joto la ile ya nyumbani. Kwetu tunaosaini mikopo na kusikiliza hukumu kwa Kiingereza, nadhani hapo pana utafiti unaosubiri kufanywa.

Halafu kuna Kongo, ambayo haihitaji picha ya ubongo. Iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na sehemu ya shehena yake hushushwa bandari ya Dar es Salaam. Dereva wa Kitanzania akifika Lubumbashi atanunua chakula, atatafuta fundi na kubishana bei kwa Kiswahili. Ofisini, hati ni za Kifaransa. Ningeulizwa kuhusu mitalaa, somo la kwanza la Kifaransa katika sekondari zetu lingekuwa fomu ya forodha ya mpakani Kasumbalesa, na mnara wa Eiffel ungesubiri muhula wa pili.