Fizi: Safari ndefu ya tanga toka Baraka inaanzia kaskazini

Mtu aliyekulia Minembwe, kwenye milima ya ng'ombe, akishuka Baraka kujifunza kusafiri kwa tanga, atashangaa: anayekwenda Kalemie, kusini, anaanza kwa kuelekea kaskazini.

Sababu ni rasi ya Ubwari. Inaifunga ghuba ya Baraka upande wa mashariki, na mlango uko kaskazini. Humo ndani ni pazuri kujifunzia, kwani ukikosea, pwani iko karibu.

Kuzunguka ncha ya Ubwari ni jambo lingine. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unavuma juu ya ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi, na mawimbi yanapata nafasi ya kukua. Tanga haliwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Chombo kinakwenda mshazari, mara kati ya ziwa, mara pwani, na njia inarefuka sana. Chakula kipimwe kwa njia hiyo ndefu, na sehemu za kujificha zijulikane kabla ya kutoka.

Mwaka 1858 Mwingereza Speke alivuka Tanganyika kutafuta jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, akalikosa. Mwezi wa Aprili yeye na Burton wakapitia Ubwari hadi Uvira kwa mitumbwi ya makasia.

Wakati wa kurudi toka Kalemie, upepo uleule unasukuma toka nyuma. Lakini ncha ikishapitwa, kipande cha mwisho hadi Baraka ni cha kupigana nao tena, na hapo watu wameshachoka.