UDONGO WA USAGARA NA MAJENGO YAKE

Asimamaye juu ya kilima karibu na Usagara, wilayani Misungwi, huiona ardhi ikiteremka kwa hatua: juu mawe ya matale, katikati mashamba ya kichanga, na chini mbuga nyeusi.

Wakulima wa Kisukuma wameupa kila udongo jina lake tangu zamani. Luseni ni mchanga mwepesi utokanao na kumomonyoka kwa matale; hukubali pamba, mihogo na karanga, lakini huchoka upesi. Itogolo, ulio chini yake, una tabaka gumu lisilopitisha maji. Hufaa kwa malisho na majaruba ya mpunga. Mbuga ni udongo mzito wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne aliueleza mpangilio wa namna hii, akauita katena, yaani mnyororo.

Maana yake ni kwamba kinachoondoka juu hushukia chini. Matuta yakifuata mteremko, mvua huubeba udongo wa juu pamoja na rutuba yake. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilicho jirani, kilijaribu kwa miaka mingi matuta yaliyofungwa, ambayo huzuia maji yasikimbie, na samadi, ambayo faida yake katika mchanga huo huonekana kwa misimu kadhaa. Hivyo mwanachama anayedai mbegu bora huku samadi yake ikibaki zizini anajipunja mwenyewe.

Majengo nayo hufuata kanuni hiyo. Jumba la Kijerumani lililo juu ya kilima cha Robert Koch mjini Mwanza, na Kanisa la Bujora lililojengwa katika miaka ya 1950 karibu na Kisesa, yote yamewekwa kwenye vilima vya mawe, ambako msingi hautikisiki. Ghala lililojengwa juu ya mbuga halina bahati hiyo. Udongo ukivimba na kunywea mwaka hata mwaka, kuta hupata nyufa, sakafu hupanda unyevu, na pamba ya wanachama huharibika kabla ya kupimwa.

Jambo hili ni la fedha za chama. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria liliundwa mwaka 1955, na ghala la chama ni mali ya wakulima wenyewe. Kwa hiyo, kabla halmashauri haijaidhinisha ujenzi au ukarabati, inafaa katibu ahakikishe mambo matatu: shimo limechimbwa na udongo wake kutazamwa, mtaro wa kuepusha maji umepangwa upande wa mlimani, na wazee wa kijiji wameulizwa jina la udongo wa mahali hapo.

Swali hilo la mwisho halina gharama yoyote. Wakijibu kuwa ni mbuga, chama kitafute kiwanja cha juu zaidi.