Mtoto Anayelia Kwenye Kiti cha Tabibu wa Meno

Kila mwezi wa Julai huko Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe katika bonde la Luapula, kusini ya Ziwa Mweru, ngoma za sherehe ya Mutomboko huvuma, na watoto huzikimbilia. Lakini mtoto yule yule, akiketishwa kwenye kiti cha tabibu wa meno, aweza kupiga mayowe kwa mlio wa keekee ndogo. Watu wazima husema hana adabu. Sisi twaona hukumu hiyo hutolewa upesi mno.

Ngoma mtoto anaiona na anamjua mpigaji. Keekee haioni, mtetemo wake hupita katika mfupa na kumlilia ndani ya kichwa. Taa kali imemwelekea usoni, amelazwa chali, na vidole vya mgeni vimo kinywani mwake. Hata ile harufu ambayo wengi huiita ya hospitali, mara nyingi ni ya mafuta ya karafuu, dawa ya meno tangu zamani.

Kwa mtoto mwenye usonji mambo hayo humzidi mara nyingi. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Los Angeles, Marekani, kwa watoto 162 wa namna hiyo, wenye umri wa miaka 6 hadi 12. Taa zilipopunguzwa, muziki wa taratibu ukapigwa, na mtoto akafunikwa kwa vazi zito lenye kumkumbatia, dalili za mfadhaiko zilipungua, mwilini na katika mwenendo.

Msomaji atauliza: Los Angeles na Luapula, wapi na wapi? Jibu liko karibu zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake katika chuo cha meno walianza kukwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuliziba tundu kwa kitu chenye kunata. Njia hiyo ilijaribiwa vijijini Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza. Haina mlio, haihitaji umeme, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haitumiki. Ukame wa 2024 ulipoikausha Kariba na umeme kukatika Zambia kwa saa nyingi kila siku, vyombo hivyo havikuwa na sababu ya kusimama.

Yaliyobaki hayana gharama kubwa: pazia dirishani, mtoto kupakatwa na mama yake, kuonyeshwa kioo na kukishika kabla hakijaingia kinywani, na kupatana naye kwamba akiinua mkono tabibu ataacha. Tabibu asiahidi kwamba hakutauma, maana akisema uongo mara moja hataaminiwa tena. Nao wazazi wenye kutishia watoto watundu kwa sindano ya daktari, hao ndio wanaoanza kuiharibu kazi, tangu nyumbani.

Vyombo vya mkono vina mpaka wake. Uozo ukishafika kwenye kiini cha jino na usaha ukatunga, kuziba hakufai tena, na mara nyingi hubaki kung'oa. Mtoto aliyeshikwa kwa nguvu mara ya kwanza, mara ya pili huficha maumivu hadi shavu limevimba.